VIPIMO, MAKADIRIO NA MIZANI YA UTABIRI: KUTOKA BAHARI YA ZANZIBAR HADI MITEREMKO YA KILIMANJARO

TAARIFA KWA WATUMISHI WA SERIKALI NA WANANCHI

Yafuatayo ni maelezo kamili ya mazungumzo yaliyotolewa mjini Moshi na Afisa Habari wa Wizara, mbele ya watumishi wa Serikali kutoka Zanzibar na wenyeji wao wa Mkoa wa Kilimanjaro. Wakuu wa Idara wanaombwa kuyabandika kwenye mbao za matangazo na kuyasoma kwa watumishi wao, hususan wale wanaotunza vipima mvua mashuleni, mashambani na bandarini.

Ndugu Mwenyekiti,
Waheshimiwa Viongozi,
Watumishi wenzangu,
Wazee wetu wa Moshi,
Ndugu Wananchi,



1. UTANGULIZI

Kwa niaba ya wenzangu tuliotoka Visiwani, natoa shukrani kwa wenyeji wetu kwa mapokezi mema. Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo matokeo yake tunayasikia kila siku redioni, lakini ni wachache walioelezwa linavyofanyika. Jambo lenyewe ni namna vipimo vya hali ya hewa na bahari vinavyooanishwa na makadirio ya kompyuta ili upatikane utabiri. Zipo njia kadhaa za kufanya hivyo, na wataalamu wamekuwa wakizilinganisha kwa zaidi ya nusu karne.

Huenda akatokea mtu akauliza: mtu wa pwani ana nini na mvua ya mlimani? Jibu ni kwamba mvua ya masika inayonyesha Kibosho na Marangu huletwa na upepo uliochukua unyevu wake baharini. Maji yake nayo hushuka kwa mito ya Kikuletwa na Ruvu hadi bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha kwa mto Pangani hadi baharini, ng'ambo ya visiwa vyetu. Njiani maji hayo huzungusha mitambo ya umeme ya Hale na ya Maporomoko ya Pangani, na Pemba hupokea umeme kwa waya uliopitishwa chini ya bahari kutoka Tanga tangu mwaka 2010. Aidha, utabiri wa hali ya hewa ni miongoni mwa Mambo ya Muungano. Hivyo basi, kipimo kinachosomwa Moshi ni mali ya mtu wa Mkokotoni, na kipimo kinachosomwa Zanzibar ni mali ya mkulima wa Machame.

Gharama ya kukosa utabiri mzuri tunaijua. Wazee wetu wa Unguja wamesimuliwa kimbunga cha Aprili 1872 kilichoangusha mikarafuu na kuvunja vyombo bandarini. Mwezi Julai 2012 meli ya MV Skagit ilizama karibu na kisiwa cha Chumbe siku ya upepo mkali, na roho za watu zikapotea. Katika masika ya 2024 mafuriko yalifika sehemu nyingi za nchi, Moshi ikiwamo, na tarehe 25 Aprili Waziri Mkuu aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekwishafariki. Siku chache baadaye kimbunga Hidaya kilisogelea pwani yetu. Tahadhari ilitolewa mapema, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zikasimamishwa. Kimbunga kilifika Mafia tarehe 4 Mei kikiwa kimepungua nguvu. Tahadhari ile haikutokana na bahati. Ilitokana na vipimo vilivyopokelewa kwa wakati na kuoanishwa na makadirio kwa njia sahihi.

2. KWA NINI KOMPYUTA HUHITAJI PICHA YA MWANZO

Utabiri wa leo hufanywa kwa modeli, yaani mfumo wa hesabu unaofuata kanuni za mwendo wa hewa, joto na unyevu. Hewa ya dunia nzima hugawanywa katika vyumba vidogo, na kwa kila chumba kompyuta huhesabu upepo, joto na mvua vitakavyokuwa baada ya dakika chache, kisha huendelea hivyo hadi siku kumi mbele. Lakini hesabu haiwezi kuanza pasipo kujua hali ilivyo sasa. Ukianza na picha mbovu, utamaliza na utabiri mbovu hata kama kanuni zako ni sahihi.

Hayo yalidhihirishwa zamani na Mwingereza Lewis Fry Richardson, ambaye katika kitabu chake cha 1922 alieleza jaribio la kufanya utabiri kwa kalamu na karatasi. Hesabu yake ilisema kwamba kandamizo la hewa lingebadilika kwa milibari 145 katika saa sita, jambo lisilowezekana duniani. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kwamba kanuni hazikuwa na hatia kubwa. Kilichomharibia ni picha ya mwanzo, kwa kuwa vipimo vya upepo na vya kandamizo havikupatana.

Tatizo la pili ni uchache wa vipimo. Modeli ya dunia ina mamilioni ya vyumba, na vituo vinavyosomwa kwa mkono au kwa mtambo havifiki hata sehemu ndogo ya idadi hiyo. Setilaiti hujaza pengo kubwa, lakini nyingi kati yake hazipimi joto wala unyevu moja kwa moja. Hupima mng'ao unaotoka angani, na wataalamu wakakisia kutokana nao. Kwa hiyo kompyuta haianzi na karatasi tupu. Huchukua utabiri wake wa saa chache zilizopita, uwe makadirio ya awali, kisha huusahihisha kwa vipimo vipya. Kusahihisha huko ndiko tunakokuita kuoanisha.

3. MIZANI YA USHAHIDI

Ndugu Mwenyekiti, msingi wa njia zote ni mmoja, nao ni mizani. Tuseme makadirio ya awali yanasema joto la Moshi ni digrii 26, na kipimajoto kinasema 22. Tukiviamini vyote sawasawa, jibu ni 24. Tukijua kwa uzoefu kwamba kipimajoto kinastahili uzito mara tatu ya makadirio, jibu litakuwa 23. Hakuna kinachotupwa, kila kimoja hupewa uzito kwa kadiri ya uaminifu wake.

Kadhi naye hufanya hivyo anapopima ushahidi. Haangalii idadi ya mashahidi peke yake, bali huangalia ukweli wa kila mmoja. Tena mashahidi wawili waliosikia habari kwa mtu mmoja hawahesabiwi kuwa wawili. Vivyo hivyo, vipimo vingi vya setilaiti moja vilivyochukuliwa karibu karibu vina kosa la namna moja, na wataalamu huvipunguza kabla ya kuvitumia ili visiizidi nguvu sauti ya kituo kimoja kilichosimama peke yake.

Ugumu unaanzia kwenye swali la pili: kipimo cha Moshi kikishasahihisha Moshi, kisahihishe na wapi pengine? Je, kiguse Same? Kiguse Rombo? Kiguse upepo, au joto tu? Njia zinatofautiana hasa katika kulijibu swali hili.

4. NJIA ZENYEWE NA TOFAUTI ZAO

(a) Masahihisho ya hatua kwa hatua. Njia hii ilielezwa na Mmarekani George Cressman mwaka 1959. Kila kituo huchorewa duara, na vyumba vilivyo karibu husahihishwa zaidi kuliko vya mbali. Ni njia nyepesi, lakini inajua umbali tu na haijui uaminifu. Mwaka 1963 Lev Gandin wa Urusi ya Kisovieti aliiboresha kwa kuweka uzito unaotokana na takwimu za makosa, na njia yake ikatumika ulimwenguni kwa miaka mingi.

(b) Njia ya pande tatu. Badala ya kushughulikia kituo kimoja kimoja, kompyuta hutafuta picha moja ya dunia nzima iliyo karibu kadiri iwezekanavyo na makadirio pamoja na vipimo vyote kwa mpigo. Marekani iliianza mwaka 1991, na Kituo cha Ulaya cha Utabiri wa Muda wa Kati mwaka 1996. Uzuri wake ni kwamba huweza kutumia mng'ao wa setilaiti moja kwa moja. Udhaifu wake ni kwamba makosa ya makadirio huchukuliwa kuwa ya namna moja kila siku, iwe kaskazi au kusi, iwe shwari au kimbunga.

(c) Njia ya pande nne. Upande wa nne ni wakati. Vipimo vya saa kadhaa huchukuliwa kila kimoja kwa saa yake, na kompyuta huiendesha modeli mbele na hesabu yake ya kinyume nyuma, tena na tena, mpaka ipatikane hali ya mwanzo ambayo mwenendo wake unaafikiana na vipimo vyote. Kituo cha Ulaya kiliianza Novemba 1997, wakati ambapo Afrika Mashariki ilikuwa ikipigwa na mvua kubwa za mwaka ule. Faida yake kwetu ni dhahiri: unyevu ulioonekana juu ya bahari saa sita mchana huweza kueleza upepo uliousukuma tangu asubuhi. Gharama yake ni kwamba hesabu ya kurudi nyuma ni ngumu kuiandika na ngumu zaidi kuitunza, na huhitaji kompyuta kubwa.

(d) Chujio la Kalman kwa kundi. Rudolf Kalman alitoa kanuni yake mwaka 1960, lakini kwa modeli kubwa haikuwezekana kuihesabu moja kwa moja. Mwaka 1994 Geir Evensen wa Norway, akishughulikia modeli ya bahari, alipendekeza kundi la makadirio badala ya moja. Modeli huendeshwa mara nyingi, tuseme mara hamsini, kila mara ikianzia mahali tofauti kidogo. Pale makadirio hayo hamsini yanapopatana, shaka ni ndogo. Yanapotofautiana, shaka ni kubwa na kipimo hupewa nguvu zaidi. Kwa hiyo mizani hubadilika siku kwa siku kufuata hali yenyewe. Kasoro yake ni kwamba kundi la hamsini ni dogo mno kwa dunia, na huweza kuonyesha udugu wa uongo, kana kwamba joto la Moshi linahusiana na upepo wa bahari ya mbali. Hivyo hulazimika kukata uhusiano wa umbali mkubwa.

(e) Mseto. Njia ya pande tatu au nne hupewa makosa yaliyohesabiwa na kundi. Ulinganisho uliochapishwa na wataalamu wa Kanada mwaka 2010 ulionyesha kwamba njia ya pande nne na chujio la kundi zinakaribiana kwa ubora, na kwamba kuzichanganya kulileta nafuu. Vituo vingi vikubwa sasa vinafuata mkondo huo.

5. MTIHANI WA MLIMA NA MTIHANI WA BAHARI

Ndugu Wananchi, njia hizi nyingi zilitengenezwa kwa ajili ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini. Kule mzunguko wa dunia huufunga upepo na kandamizo la hewa pamoja, kiasi kwamba ukijua kimoja unakisia cha pili. Karibu na Ikweta kamba hiyo hulegea. Moshi iko nyuzi tatu na kidogo kusini ya Ikweta, na Zanzibar nyuzi sita. Kwa hiyo kwetu sisi kipimo cha upepo wenyewe kina thamani isiyoweza kufidiwa na kipimo cha kandamizo. Ndiyo maana setilaiti ya Aeolus, iliyorushwa 2018 na kumaliza kazi 2023, ilinufaisha hasa utabiri wa nchi za joto, kwani ilipima upepo kwa mwali wa leza.

Sasa tuutazame Mlima. Kilele cha Kilimanjaro kina meta 5,895, na mji wa Moshi uko kwenye meta mia nane na zaidi kidogo. Modeli ya Kituo cha Ulaya ina vyumba vyenye upana wa kilometa 9 hivi. Ndani ya chumba kimoja kama hicho yumo mkulima wa mahindi wa tambarare na mwenye kihamba cha migomba na kahawa, na kompyuta huwapa wote urefu mmoja wa wastani. Kijiji kilicho kwenye meta 1,400 kikiangukia chumba ambacho wastani wake ni meta 1,700, kipimajoto na modeli vitatofautiana kwa takriban digrii mbili, na hakuna kati yao aliyesema uongo. Kila kimoja kinaeleza mahali pake. Mtaalamu asipolizingatia hilo ataiharibu picha kwa kipimo kilicho sahihi kabisa. Hali kadhalika kwa mtambo uliowekwa mwaka 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts kwenye barafu karibu na kilele, kwa kuwa kilele cha kompyuta ni kifupi kuliko kilele halisi.

Tena upande wa kusini wa Mlima hupata mvua nyingi, na upande wa kaskazini ni mkavu zaidi. Njia inayojua umbali tu itachukua unyevu wa kusini na kuumwaga kaskazini, kwa sababu kwenye ramani pande hizo ziko karibu. Njia ya kundi, ikiwa modeli inauona Mlima vizuri, huona kwamba hewa ya pande hizo mbili haiendi pamoja siku hiyo. Hapa njia za kisasa zinazidi za zamani waziwazi.

Bahari ina mtihani mwingine. Mwendo wake ni wa polepole kuliko wa hewa, na vipimo vyake ni vichache zaidi. Setilaiti huona uso wa maji tu. Chini yake tunategemea maboya ya Argo, yaliyofikia idadi ya 3,000 mwaka 2007, ambayo huzama hadi meta 2,000 na kupanda na habari kila baada ya siku kumi hivi. Kwa sababu hiyo katika bahari dirisha la kukusanya vipimo mara nyingi huwa la siku kadhaa badala ya saa, na kazi kubwa ni kukisia yaliyo kilindini kutokana na kimo cha uso wa maji. Kundi husaidia, lakini njia ya pande tatu bado inatumika bila ya aibu, kwa kuwa bahari haigeuki kwa saa moja.

Faida yake huonekana katika vuli. Mwaka 1999 wanasayansi wa Japani walieleza mizani ya joto kati ya magharibi na mashariki ya Bahari ya Hindi. Upande wetu unapokuwa na joto kuzidi kawaida na ule wa Indonesia ukapoa, vuli yetu huwa kubwa, kama ilivyokuwa 1997 na 2019. Utabiri wa msimu unaotolewa kwa wakulima wa Kilimanjaro na wa Unguja hutegemea bahari hiyo imepigwa picha vizuri kiasi gani miezi kabla.

6. IPI NI BORA?

Hakuna njia moja iliyo bora kwa kila mahali. Penye kompyuta ndogo na wataalamu wachache, njia ya pande tatu au kundi dogo lenye modeli ya eneo hufaa kuliko njia kubwa isiyoweza kutunzwa. Kwa dunia nzima, mseto umethibitika. Na hata programu mpya za akili bandia, kama ile ambayo Kituo cha Ulaya kiliianza rasmi Februari 2025, huanzia kwenye picha ileile ya mwanzo iliyotengenezwa kwa kuoanisha vipimo na makadirio.

Lakini liko jambo ambalo njia zote hushindwa nalo kwa pamoja. Mizani hii huchukulia kwamba kipimo hukosea mara juu, mara chini. Kipimo kinachokosea upande mmoja siku zote, kama kipima mvua kinachovuja, hakitibiwi na hesabu hii. Hupewa uzito wa shahidi mwaminifu, na uongo wake husambazwa hadi vijiji vya jirani. Kadiri njia ilivyo hodari ya kusambaza habari, ndivyo ilivyo hodari ya kusambaza kosa.

7. WAJIBU WETU

Shirika la Hali ya Hewa Duniani limekubaliana juu ya mtandao wa msingi ambao kila nchi yapaswa kuwa na vituo vya ardhini vinavyotoa habari kila saa, visivyopishana zaidi ya kilometa 200, na vya kurusha maputo mara mbili kwa siku, visivyopishana zaidi ya kilometa 500. Hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Hali ya Hewa na Serikali zetu mbili. Yetu ni haya yafuatayo:

Kwanza, kipima mvua kisomwe saa tatu asubuhi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Pili, siku isiyo na mvua iandikwe sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi maana yake ni kwamba hakuna aliyesoma, na sifuri maana yake ni kwamba mvua haikunyesha. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na anayeyachanganya huugeuza ukame kuwa fumbo.

Tatu, asiyesoma asikisie. Nafasi wazi haimdhuru mtu, kwa kuwa kompyuta itategemea makadirio yake. Nambari ya kubuni humpotosha.

Nne, chombo kikae mbali na mti au nyumba kwa umbali usiopungua mara mbili ya urefu wa kitu hicho. Katika kihamba mgomba hukua haraka. Kipima mvua kilichowekwa mahali peupe mwaka jana huenda leo kiko chini ya jani.

Tano, chombo kikihamishwa au kikibadilishwa, tarehe iandikwe na taarifa ipelekwe, ili mtaalamu asidhani kwamba ni hali ya hewa iliyobadilika.

8. HITIMISHO

Ndugu Mwenyekiti, njia za kuoanisha zimetoka kwenye duara la Cressman hadi kwenye mseto wa leo, na bila shaka zitaendelea. Kila moja imeongeza uangalifu katika kuuliza: nani anasema, anajuaje, na neno lake lifike wapi? Maswali hayo yanaanza kwa mtu aliyesimama na daftari penye kipima mvua, katika shule ya Kilema au katika shamba la Kizimbani. Nahodha anayengoja bandarini Malindi kuambiwa kama atang'oa nanga hamjui mtu huyo kwa jina, lakini abiria wake wamo mikononi mwake.